Nani Awezaye Kumkatalia Mtawala? Uimla na Utawala wa Katiba, kutoka Ulaya hadi Mara

Utawala wa kiimla ni ule ambao mtawala mmoja hutunga sheria, hutoza kodi, huamuru jeshi na huhukumu, bila ya kuwapo chombo kingine chenye haki ya kumkatalia. Utawala wa kikatiba ni ule ambao madaraka hayo yamewekewa mipaka, na mipaka hiyo ina walinzi wake: bunge, mahakama, halmashauri, au desturi ambayo watu wako tayari kuitetea. Kuwapo kwa katiba iliyoandikwa hakutoshi kutenganisha aina hizi mbili. Denmark ilikuwa na Sheria ya Mfalme ya mwaka 1665, hati iliyopangwa vizuri kisheria, na kazi yake ilikuwa kumkabidhi mfalme madaraka yote. Uingereza, kwa upande wake, haina hata leo katiba iliyokusanywa katika kitabu kimoja, lakini wafalme wake walifungwa na sheria tangu karne ya 17.

Kwa hiyo dola yoyote hupimwa kwa maswali manne. Nani ana haki ya kukataa kodi? Nani analiweka jeshi chini ya sheria? Je, hakimu anaweza kumwambia mtawala kwamba amekosea, naye hakimu akabaki kazini? Na mtawala anaondokaje madarakani? Maswali haya yaliwagawa Wazungu kati ya mwaka 1500 na 1800, lakini yana historia yake pia katika Mkoa wa Mara, katika nchi ya Musoma, Butiama na Bunda. Huko jamii zisizokuwa na wafalme ziliishi jirani na ufalme. Huko ukoloni ulipandikiza machifu. Na huko walizaliwa watu wawili ambao mikono yao imeigusa sana katiba ya Tanzania: Julius Kambarage Nyerere wa Butiama na Joseph Sinde Warioba wa Bunda.

Ulaya: vita, kodi na mfalme

Chanzo cha uimla wa Ulaya kilikuwa gharama za vita. Mizinga, ngome mpya na majeshi ya kudumu vilihitaji fedha ambazo mashamba ya mfalme hayakuweza kuzizalisha. Mfalme alihitaji kodi, na kwa desturi ya zamani kodi mpya ilihitaji ridhaa ya mabaraza ya makabaila, makasisi na miji. Historia ya dola za wakati ule ni historia ya mvutano kuhusu ridhaa hiyo.

Nchini Ufaransa mfalme alishinda. Jean Bodin alikuwa ameandika mwaka 1576 kwamba dola haina budi kuwa na mamlaka moja ya juu isiyogawanyika. Baraza la taifa liliitwa mwaka 1614, kisha halikuitwa tena hadi 1789, miaka 175 baadaye. Uasi wa miaka ya 1648 hadi 1653 ulimfundisha Louis XIV, aliyekuwa bado mtoto, kutowaamini makabaila. Aliposhika hatamu mwenyewe mwaka 1661 alitawala bila waziri mkuu, akawatuma mikoani maofisa waliowajibika kwake peke yake, na mwaka 1682 akahamishia serikali Versailles, ambako wakubwa wa nchi walishindana kwa ajili ya upendeleo wake. Mwaka 1685 aliifuta amri iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, na hapakuwa na chombo kilichoweza kumzuia.

Hata hivyo uimla wa Ufaransa haukuwa kamili. Mahakama kuu za mikoa ziliendelea kudai kuziandikisha amri za mfalme kabla hazijatumika, na baadhi ya mikoa ilibaki na mabaraza yake ya kodi. Montesquieu, aliyeandika mwaka 1748, aliona kwamba taasisi hizo za kati, zilizokaa kati ya mfalme na raia, ndizo zilizotenganisha ufalme na udhalimu. Ukizivunja, alieleza, kinachobaki ni amri ya mtu mmoja.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Charles I alijaribu kutawala bila Bunge kuanzia 1629 hadi 1640, akitoza fedha bila ridhaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1642, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme alikatwa kichwa. Utawala wa jemadari Cromwell uliofuata ulionyesha kwamba kumwondoa mfalme hakuleti utawala wa katiba kwenyewe, kwa sababu jeshi lilichukua nafasi yake. Jibu la kudumu lilipatikana baada ya Mfalme James II kukimbia mwaka 1688. Hati ya Haki ya 1689 ilikataza kodi isiyoidhinishwa na Bunge na jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Sheria ya mwaka 1701 iliwalinda majaji wasifukuzwe kwa matakwa ya mfalme, na ikaweka utaratibu wa kurithi kiti. Maswali yote manne yakawa yamepata jibu, na majibu hayo yaliimarisha dola badala ya kuidhoofisha: kodi iliyoidhinishwa ililipwa, na serikali iliyodhibitiwa ilikopeshwa.

Poland ilikosea kwa upande wa pili. Tangu 1652 mbunge mmoja peke yake aliweza kuvunja kikao chote kwa kupinga, na dola ikashindwa kukusanya kodi na kujenga jeshi. Jirani zake waliigawana mwaka 1772, 1793 na 1795 hadi ikatoweka kwenye ramani. Utawala wa katiba unahitaji uwezo wa kukataa, na unahitaji pia uwezo wa kuamua.

Mara kabla ya ukoloni: mamlaka yaliyogawanywa

Upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, jamii nyingi ziliishi bila mfalme. Wazanaki, Wakurya, Wangoreme, Wanata na Waikoma hawakuwa na mtu mmoja aliyeweza kutoza kodi, kuita jeshi na kuhukumu kwa pamoja. Kazi hizo zilikuwa mikononi mwa watu tofauti. Miongoni mwa Wazanaki, omugimba alishughulikia mvua. Wazee wa ukoo waliamua mambo ya ardhi, mahari na urithi. Na rika, yaani makundi ya watu waliopita pamoja katika hatua za umri, yalilinda nchi na kusimamia nidhamu. Wakurya walikuwa na inchama, baraza la siri la wazee, na iritongo, mkutano wa wazi ambamo shauri lilisemwa mbele ya watu. Madaraka ya rika yalipita kutoka kizazi kimoja hadi kingine kwa zamu iliyojulikana, kwa hiyo swali la mtawala anaondokaje lilijibiwa kabla hajaingia.

Waikizu walikuwa na utemi, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Nyakinywa, aliyekuja na nguvu za mvua kutoka Kanadi upande wa Usukumani, kuwa chanzo chake. Utemi huo ulikuwa wa ibada zaidi ya amri: mtemi aliheshimiwa kwa sababu ya mvua, na heshima hiyo haikumpa jeshi wala hazina. Ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, palikuwa na ufalme hasa, chini ya Omukama wa ukoo wa Wasilanga, aliyepokea kodi na kuwa na watumishi wa ikulu. Hata Omukama alikuwa na mpaka wake. Ukame ulipozidi, aliweza kulaumiwa kwa kushindwa kazi yake kuu na kuondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na ndugu wa ukoo uleule.

Katika nchi yote hiyo palikuwa na kizuizi kingine kikubwa, nacho ni kuhama. Ardhi ilikuwa nyingi na watu walikuwa wachache. Kiongozi aliyezidisha madai aliachwa na wafuasi wake, na kiongozi asiye na watu hakuwa na kitu. Mtu wa Mara hakuhitaji bunge ili kukataa kodi, kwa kuwa alikuwa na miguu, ng'ombe na wajomba wa kumpokea.

Mfumo huu ulikuwa na udhaifu uliofanana na ule wa Poland. Mwishoni mwa karne ya 19, uvamizi wa Wamasai, tauni ya ng'ombe, ndui na njaa vilipofuatana, hapakuwa na mamlaka ya kuunganisha koo na makabila katika ulinzi mmoja. Wajerumani walipofika walikutana na jamii zilizojua sana kumkatalia mkubwa wa ndani, lakini zisizokuwa na njia ya kumkatalia kwa pamoja mgeni mwenye bunduki. Ukerewe nako ufalme haukuokoka: mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Omukama Rukonge.

Chifu wa serikali

Dola ya kikoloni ilihitaji mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi. Mahali ambapo hakuwapo, ilimteua. Mwaka 1915 Wajerumani walimfanya Burito Nyerere, wa Butiama, kuwa chifu miongoni mwa Wazanaki. Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza utaratibu huo na kuupa sura ya kisheria. Chini ya Gavana Donald Cameron, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri, kukusanya kodi na kusimamia kazi. Sheria ya mwaka 1929 ikaziondoa mahakama za wenyeji chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala.

Matokeo yake yalikuwa mageuzi makubwa ya siasa ya Mara, ingawa yalifanywa kwa jina la kuhifadhi desturi. Chifu aliyetoa amri ndiye aliyesikiliza kesi ya aliyeivunja. Rika na wazee walibaki na ibada na ushauri, lakini kodi, adhabu na askari vilikuwa kwa chifu, na nyuma ya chifu alikuwa mkuu wa wilaya. Chifu hakuweza tena kuondolewa na watu wake. Aliondolewa na serikali. Burito alipofariki mwaka 1942 kiti kilikwenda kwa mwanawe Edward Wanzagi, na urithi wa baba kwa mwana ukazoeleka kana kwamba ulikuwa desturi ya tangu zamani.

Juu ya machifu alikuwapo gavana, ambaye kwa muda mrefu alitawala bila kuwajibika kwa bunge lililochaguliwa na Waafrika. Hii ilikuwa ajabu kubwa ya ukoloni wa Kiingereza: taifa lililomkatalia mfalme wake kodi isiyo na ridhaa mwaka 1689 lilijenga Tanganyika dola ambayo ndani yake mkulima wa Butiama hakuwa na njia yoyote halali ya kukataa kodi ya kichwa. Wakati huohuo kuhama kulizidi kuwa kugumu, maana kodi ilimfuata mtu kokote alikokwenda. Tanganyika ilipokaribia uhuru ilikuwa imerithi vyombo vya kuamuru vilivyo imara, na vyombo vya kukataa vilivyo dhaifu.

Jamhuri na rais wake

Julius Nyerere, mwana wa Burito, alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Mwisenge mjini Musoma, Tabora, Makerere, kisha Edinburgh kati ya 1949 na 1952. Miongoni mwa masomo yake huko Scotland yalikuwamo historia ya Uingereza na sheria ya katiba. Aliyajua mabishano ya karne ya 17 kwa undani. Aliijua pia meza ya chifu, kwa kuwa alikulia nyumbani kwa chifu, na alilijua baraza la wazee wa Kizanaki wanaozungumza mpaka wakubaliane. Fikra zake za baadaye zilitoka katika vyanzo hivyo vyote.

Katiba ya uhuru ya tarehe 9 Desemba 1961 ilifuata mfano wa Westminster: malkia aliyewakilishwa na gavana mkuu, waziri mkuu anayewajibika kwa Bunge, na mahakama zinazojitegemea. Haikuwa na hati ya haki za binadamu, kwa kuwa viongozi wapya walihofia kwamba majaji, ambao wengi wao walikuwa bado Wazungu, wangeitumia kuzuia mipango ya maendeleo. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili kukijenga chama cha TANU, na Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Mwaka mmoja baada ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri.

Katiba ya Jamhuri iliunganisha katika mtu mmoja ukuu wa nchi, ukuu wa serikali na uamiri jeshi, na ikasema kwamba Rais hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, na mahakama hazikupewa nafasi ya kuichunguza amri ya Rais. Kuanzia 1963 machifu waliondolewa madaraka yao ya kiutawala. Ilikuwa hatua ya haki, kwa kuwa wengi wao walikuwa wameifanyia kazi serikali ya kikoloni kuliko watu wao. Lakini madaraka yaliyotoka kwa chifu hayakurudi kwa rika wala kwa baraza la kijiji. Yalipanda juu, kwa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, walioteuliwa na Rais.

Mwaka 1964 ulithibitisha hofu za watawala na kuongeza nguvu zao. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari, na visiwa hivyo, ingawa viliungana na Tanganyika mwaka huohuo kuunda Tanzania, vikatawaliwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi hadi vilipopata katiba yao mwaka 1979. Siku nane baada ya mapinduzi hayo jeshi la Tanganyika liliasi, na serikali ililazimika kuita askari wa Uingereza. Jeshi lilivunjwa, likaundwa jipya, JWTZ, lililofungamana na chama. Vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na kuwekwa chama kimoja kilicho chini ya serikali. Swali la nani analiweka jeshi chini ya sheria lilijibiwa kwa namna ambayo imeizuia Tanzania kupata mapinduzi ya kijeshi hadi leo, lakini mlinzi wa jeshi alikuwa chama na Rais. Bunge halikuwa na sehemu kubwa humo.

Chama kushika hatamu

Katiba ya Muda ya 1965 iliifanya Tanzania nchi ya chama kimoja kwa sheria. Hoja ya Nyerere ilikuwa kwamba vyama vya Ulaya vilizaliwa na matabaka yenye maslahi yanayogongana, ilhali Waafrika walikuwa na desturi ya kujadiliana hadi kufikia mwafaka. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na uchaguzi wa 1965 haukuwa wa kuigiza: kila jimbo liliruhusiwa wagombea wawili wa TANU, na wabunge wengi waliangushwa, akiwamo waziri Paul Bomani. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ili raia aweze kulalamika dhidi ya ofisa aliyemwonea.

Lakini kumbukumbu ya baraza la wazee ilichukuliwa nusu. Mazungumzo yalichukuliwa, na mgawanyo wa kazi ukaachwa. Wazee wa Kizanaki waliweza kuzungumza hadi mwafaka kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jeshi, mahakama na hazina, na kwa sababu aliyeshindwa katika shauri aliweza kuondoka na ng'ombe wake. Katika dola ya chama kimoja, mwenyekiti wa kikao ndiye aliyekuwa na polisi. Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU na kwa hilo pekee wakapoteza viti vyao bungeni. Mwaka 1975 marekebisho ya katiba yaliandika wazi kwamba shughuli zote za siasa nchini zitaendeshwa chini ya chama.

Musoma inatoa mfano mzuri wa mfumo huo, kwa mema na mabaya yake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini humo na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, na kubadili masharti ya kuingia Chuo Kikuu. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni kwa sababu ya uamuzi huo. Hata hivyo mabadiliko makubwa ya elimu ya taifa yalitoka katika kikao cha chama, na kazi iliyobaki kwa serikali na Bunge ilikuwa kutekeleza. Dola iliyoweza kuamua upesi hivyo iliweza pia kukosea upesi, bila chombo cha kuishtua.

Kosa lilionekana mwaka huohuo. Baada ya agizo la Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima, Operesheni Mara ya 1974 iliwahamisha watu mkoani humo kutoka maboma yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vilivyopangwa. Nia ilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati, na vingi kati ya hivyo vilifika. Lakini kizuizi cha kale zaidi cha Mara, yaani uhuru wa kuhama, kilikomeshwa kwa amri. Taasisi za kati nazo ziliondoka moja baada ya nyingine: halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika, ambavyo kwa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa vilikuwa shule ya kujitawala tangu miaka ya 1950, vilivunjwa mwaka 1976. Onyo la Montesquieu lilitimia katika nchi ambayo haikuwa na mfalme wala kabaila.

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ya Zanzibar ziliungana kuwa CCM, na tarehe 26 Aprili mwaka huo Katiba ya kudumu ya Jamhuri ya Muungano ilianza kutumika. Tume ya watu ishirini iliyokuwa imeandaa katiba ya chama ndiyo iliyopewa kazi ya kupendekeza katiba ya nchi. Wananchi hawakuulizwa kwa kura. Nyerere mwenyewe aliwahi kukiri hadharani kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Kwamba hakuyatumia yote ni sifa yake kama mtu. Kwamba alikuwa nayo ni kasoro ya dola, kwa sababu katiba huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajajulikana.

Mipaka inarudi, 1984 hadi 1995

Marekebisho ya mwaka 1984 yalikuwa hatua kubwa ya kikatiba kuliko zote tangu uhuru. Yaliingiza haki za binadamu ndani ya Katiba, ingawa utekelezaji wake mahakamani uliahirishwa kwa miaka mitatu, na yaliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais. Joseph Warioba, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1976 na Waziri wa Sheria kuanzia 1983, alikuwa kiini cha serikali iliyoyaandaa. Mwaka 1985 Nyerere aliondoka madarakani kwa hiari, Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na Warioba akawa Waziri Mkuu hadi 1990. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimerudishwa, na vyama vya ushirika navyo.

Mahakama ziliitumia nafasi mpya. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitangaza sheria iliyonyima dhamana kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubaliana naye. Tume iliyoongozwa na Nyalali huyohuyo ilipendekeza vyama vingi na kuorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, ile ya kizuizini ikiwamo. Vyama vingi viliruhusiwa kuanzia Julai 1992.

Bunda ilishuhudia mapema nguvu ya mahakama na mipaka yake. Katika uchaguzi wa 1995 Warioba aligombea ubunge kwa tiketi ya CCM akashindwa na Stephen Wasira wa NCCR-Mageuzi. Alikwenda mahakamani, na matokeo yakatenguliwa. Lakini kwa Ibara ya 41(7) ya Katiba, Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais mteule, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mpiga kura wa Manyamanyama mjini Bunda anaweza kumpinga mbunge wake mbele ya jaji, lakini kwa cheo kikubwa zaidi nchini mlango huo umefungwa.

Rasimu ya Warioba

Mwaka 2011 ilitungwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, na mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimteua Warioba kuwa mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na Jaji Augustino Ramadhani kuwa makamu wake. Wananchi waliulizwa kata kwa kata wanataka watawaliwe vipi. Rasimu ya kwanza ilitoka Juni 2013 na ya pili tarehe 30 Desemba mwaka huo.

Rasimu hiyo ilijulikana zaidi kwa pendekezo la serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Kwa historia ya mamlaka, mapendekezo mengine yalikuwa na uzito uleule. Mawaziri wasingekuwa wabunge, idadi yao ingekuwa na ukomo, na uteuzi wao ungethibitishwa na Bunge. Wapiga kura wangeweza kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Mgombea huru angeruhusiwa. Matokeo ya urais yangeweza kupingwa katika Mahakama ya Juu. Kila pendekezo lilikuwa linaongeza mtu au chombo chenye haki ya kusema hapana.

Bunge Maalum la Katiba lilianza Februari 2014, likiwa na wabunge, wawakilishi wa Zanzibar na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Hapo udhaifu wa mchakato ulijitokeza: waliopewa kazi ya kuyapunguza madaraka walikuwa, kwa sehemu kubwa, wenye madaraka yenyewe. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa upinzani waliounda UKAWA walitoka nje. Waliobaki walirudisha muundo wa serikali mbili, wakaondoa mapendekezo kadhaa ya Tume, na tarehe 2 Oktoba wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na haijafanyika.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Katiba yake ya 2010 ilipitishwa na wananchi kwa kura ya maoni, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikatengua matokeo ya uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani. Nchi haikuvunjika, uchaguzi ulirudiwa.

Vipimo vinne, Tanzania

Katika kodi, Katiba inaitaka serikali ipate idhini ya Bunge, na fedha hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Lakini kwa Ibara ya 90, Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja. Mkaguzi Mkuu huteuliwa na Rais. Kuondolewa kwa Profesa Mussa Assad katika kiti hicho mwaka 2019 kulikuja kutangazwa na Mahakama Kuu, mwaka 2022, kuwa kinyume cha Katiba, wakati mrithi wake alikuwa ameshakaa kitini miaka mitatu.

Katika jeshi, mapinduzi ya kijeshi hayajatokea, na hilo si jambo dogo barani. Udhibiti wa kiraia uko imara, ingawa umewekwa zaidi kwa Rais kuliko kwa Bunge.

Katika mahakama, majaji wana ulinzi wa kazi na wametoa hukumu za ujasiri, lakini Jaji Mkuu na majaji wengine huteuliwa na Rais, na uchaguzi wa Rais uko nje ya mikono yao. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Ibara ya 41(7) inakiuka haki.

Katika kuondoka madarakani, Tanzania inafanya vizuri kuliko katika vipimo vingine. Mwinyi, Mkapa na Kikwete waliondoka vipindi vyao viwili vilipokwisha. John Magufuli alipofariki Machi 2021, Makamu wake Samia Suluhu Hassan aliapishwa siku mbili baadaye kama Katiba inavyoelekeza, bila jeshi kutoka kambini. Ukomo uliowekwa mwaka 1984 umekuwa desturi, na desturi inayotetewa ni sehemu ya katiba yenye nguvu kuliko karatasi.

Hesabu ya jumla ni kwamba dola ya Tanzania si ya kiimla, wala haijawa ya kikatiba kikamilifu. Ina mtawala mwenye muda maalumu, ambaye ndani ya muda huo wachache sana wanaweza kumkatalia. Ulaya ilichukua karne mbili na damu nyingi kugundua kwamba serikali inayoweza kukataliwa ndiyo inayoaminika na kudumu. Jamii za Mara zilijua nusu ya somo hilo kabla ya mgeni yeyote kufika: kwamba mwenye mvua asiwe mwenye mkuki, na mwenye mkuki asiwe mwenye hukumu. Nusu ya pili, yaani kujenga dola moja inayoweza kuamua na bado igawanye kazi hizo, ndiyo aliyoijaribu Nyerere kwa kuunganisha na Warioba kwa kutenganisha. Kazi iliyobaki ni kuyapa mapendekezo ya mipaka nguvu ya sheria, kwa kura ya wananchi wenyewe.